Mfungueni Mtoto Kwanza

Naandika haya nikiwa mzima, au tuseme mzima kwa kipimo changu. Ulimi wangu una kovu upande wa kushoto, meno mawili ya mbele hayapo, na mkono wa kulia una ngozi iliyoungua na kukunjamana kutoka kiganjani mpaka karibu na kiwiko. Kichwa bado kinanichezea mara mojamoja. Lakini ule wakati mbaya kabisa umepita, na nimekuja kujua kwamba katika Butembo yetu hii, huku mashariki ya Kongo, wako wanawake wengi wanaojificha na ugonjwa huu ndani ya nyumba kana kwamba wameiba kitu. Basi acha niseme yangu. Anayetaka kucheka na acheke, nimeshachekwa na wenye midomo mikubwa kuliko wake.

Ugonjwa wangu ni kifafa. Kwetu watu hawapendi kulitamka jina hilo, wanasema "ile ya kuanguka", tena kwa sauti ya chini. Naitwa Katungu, lakini wengi wananiita Mama Masika kwa jina la binti yangu. Naimba sauti ya pili katika kwaya ya kanisa letu la Kiprotestanti, na zamani nilikuwa nakaanga mandazi ya kuuza kando ya barabara. Nilipoanguka mara ya kwanza nilikuwa nimembeba Masika mgongoni. Nianze hapo, maana yote mengine yametoka hapo.

Ilikuwa asubuhi ya mvua, barabara imejaa matope mekundu, nami nakwenda kununua unga. Masika alikuwa ameanza kuota meno, anatafuna kamba ya kitenge kilichomfunga. Nakumbuka harufu ya chuma kilichoungua. Nakumbuka mkono wangu wa kushoto ukiinuka wenyewe, nikautazama nikajiuliza, huu unakwenda wapi? Baada ya hapo sina changu. Yaliyobaki ni ya kuambiwa, na niliambiwa na watu wengi, kila mmoja akiongeza chumvi yake.

Nilianguka kwa ubavu mbele ya duka la sabuni. Nikajiuma ulimi, na povu likatoka na damu. Sasa, mtu ambaye hakuishi kwetu miaka ile ya Ebola hawezi kuelewa damu mdomoni ilikuwa na maana gani kwetu. Ugonjwa ulikuwa umeshatangazwa kwisha, lakini ndoo za maji ya klorini zilikuwa bado kwenye milango ya maduka, na hofu ilikuwa bado kifuani. Mtu mmoja akapiga kelele: "Ni Ebola! Musimuguse! Murudi nyuma!" Na watu wakarudi nyuma. Walikuwa wamefundishwa vizuri. Walikuwa wamezika ndugu zao kwa sababu ya kugusa, sasa walikuwa hawagusi.

Huku mimi napigapiga ardhi, na mtoto yuko mgongoni, amefungwa barabara kama tunavyowafunga wote, hawezi kutoka. Kila nikiruka yeye yuko chini yangu au ubavuni. Analia. Watu wanamsikia. Mwenye duka akaja na wazo: akabeba ndoo ya klorini akatumwagia kwa mbali, mimi na mtoto. Wanasema Masika alilia mpaka sauti ikakatika, akabaki anafungua mdomo bila kitu kutoka.

Aliyetufikia ni mama mmoja muuza makala, ule mkaa wa kupikia, Mama Riziki. Yeye aliugua Ebola akapona, wenye bahati hiyo tulikuwa tunawaita washindi. Aliacha gunia lake akapita katikati ya watu akiwasukuma kwa viwiko.

"Mimi nilishalala mu kile kitanda na nikatoka," alisema. "Itanifanya nini tena? Mufungue mutoto kwanza, bajinga nyinyi! Mutoto kwanza!"

Hakuna aliyesogea, basi akalifungua fundo mwenyewe, akamtoa Masika, akampa msichana wa shule aliyekuwa pale ambaye alikubali kupokea kwa kunyoosha mikono mbali na mwili wake. Kisha akanigeuza kwa upande ili povu litoke, akakaa chini kwenye matope kunishikia kichwa. Mama Riziki, nikisahau yote sitasahau wewe. Wasingya, yaani asante.

Mfupa wa bega la mwanangu ulikuwa umevunjika, na macho yake yalikaa mekundu muda mrefu.

Kwenye kituo cha afya walituweka nyuma ya plastiki mpaka majibu ya damu yarudi. Wauguzi walikuja wamevaa kama warina asali, sioni ila macho. Masika alilia akinitaka nimnyonyeshe, nami nimeambiwa nisimguse. Majibu yaliporudi kila mtu alifurahi. "Mungu asifiwe, mama, hapana Ebola, ni kifafa tu!" Ni kifafa tu! Yule aliyepona Ebola alipewa karatasi yenye muhuri, akarudi mtaani na watu wakamwimbia. Mimi nilipewa sahani yangu peke yangu na kikombe changu peke yangu, maana inasemekana mate ya mtu wa kifafa yanaambukiza. Hayaambukizi. Nimeeleza hilo mpaka koo limekauka.

Mama mkwe wangu akafika kutoka Mutwanga, amekalia magunia ndani ya pikapu, na matope mpaka magotini. Ni mwanamke mrefu, mkulima wa kahawa chini ya milima, haongei sana. Aliangalia bega la Masika lililofungwa, kisha akaniangalia mimi.

"Kwenu ilianzia kwa nani?" aliuliza.

"Mama, kwetu hapana mutu wa ile ugonjwa."

"Iko. Munamuficha. Ile kitu inapitaka mu damu ya familia, hapana kuja yenyewe tu."

Mume wangu Kambale alikuwa amesimama mlangoni. Nilimtazama aseme neno, maana alikuwa na neno la kusema. Akaangalia viatu vyake.

"Nitamubeba mutoto," mama mkwe alisema. "Mimi sina roho mubaya, Katungu. Lima maharage mara mbili, vuna mara mbili. Kama hauanguke mu zile saison mbili, kuya umuchukue, hata sitauliza kitu. Ukianguka, unaanza tena."

Alimfunga Masika mgongoni kwake mbele yangu, akavuta fundo akalijaribu mara mbili. Maziwa yangu yalikuwa yakitoka yenyewe na kulowesha nguo. Nilisimama barabarani mpaka pikapu ikapotea, kisha nikasimama zaidi.

Hapo ndipo nilipojua ninachopigania. Sikuwa napigania kupona, maana hata maana ya kupona sikuijua. Nilitaka mtoto wangu, na njia ya kumpata ilikuwa kutoanguka.

Nikaanguka tena kabla mbegu hazijaota. Safari hii ndani ya nyumba, juu ya mbabula yenye makala ya moto na karai la mafuta. Ndiyo hii ngozi ya mkono. Nilipoamka nilisikia harufu ya nyama inaiva nikajiuliza nani kapika. Baada ya hapo Kambale aliondoa mbabula, na hata ingebaki, nani angenunua mandazi yangu? Wateja wangu walikuwa wakipita upande wa pili wa barabara na kunisalimia kwa furaha kubwa, ile furaha ya mtu anayetaka upesi kufika mbali nawe. Kwaya nayo, kwa upendo wa Kristo, ikanihamisha mstari wa nyuma karibu na mlango, ili nikianguka nisiwaangukie masoprano. Kikundi cha maombi kilikuja nyumbani kikaniuliza jina la shangazi yangu mwenye roho mbaya. Nikawaambia ninao mashangazi wanne wenye roho mbaya, wachague. Hawakurudi.

Mwishowe Kambale alinipeleka kwenye kituo cha wagonjwa wa kichwa. Jamani, lile benchi! Limewekwa barazani, linatazama barabara, yaani kila apitaye anaona nani amekalia. Ukikaa pale mara moja, kufika jioni mpaka watu wa mji wa Oicha wanajua wewe ni mwendawazimu. Nilijifunika kitenge usoni kama bibi harusi. Mama mmoja jirani yangu wa benchi alikuwa na binti mkubwa aliyevaa kofia ya pikipiki, ile ya plastiki ngumu, imefungwa kidevuni.

"Anaendesha?" nilimwuliza.

"Hapana, anaangukaka," alisema yule mama. "Anavaa tangu asubuhi. Hata akienda kujisaidia. Ngoja zamu yako, utanunua yako."

Tukacheka, sote watatu, tukacheka mpaka muuguzi akatoka kuangalia. Hilo benchi nililoliogopa ndilo lilikuwa mahali pa kwanza ambapo mtu alikunywa maji kutoka chupa yangu.

Daktari alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. Aliniuliza mengi, kisha akauliza: "Mama Masika, ulishagongwaka kichwa?"

Nikamtazama Kambale. Kambale akatazama ukuta.

Nikasema. Ilikuwa kabla sijashika mimba ya Masika. Tulikuwa tunarudi kutoka kwao Mutwanga kwa pikipiki ya kukodi, yeye anaendesha, mimi nyuma na kikapu cha ndizi. Mvua. Kona moja kabla ya daraja, tairi ikateleza, nami kichwa changu kikaenda kwenye jiwe. Nililala siku sijui ngapi sijui mtu, sikio linatoa damu. Halafu nikaamka, nikapona, nikaona nimepona kabisa. Kwao tuliwaambia niliteleza shambani. Kambale aliniomba hivyo, kwa sababu kaka yake mkubwa alikufa kwa pikipiki kwenye barabara ileile, na yeye alikuwa amemwapia mama yake hatapanda tena.

Daktari hakumtazama Kambale, namshukuru kwa hilo. Aliniuliza kama ninaimba kwaya. Nikasema ndiyo.

"Eh bien. Mu kichwa iko kwaya pia: kuna wale banapiga sauti na kuna wale banatuliza. Wale ba kutuliza njo banasema: bado, ngoja, hapana sasa. Ile siku ya jiwe, bamoja kati yao balikufa. Benye balibakia balijipanga upya, sababu kazi ilikuwa ingali pale. Kila mumoja akashika batu mingi kupita wale alikuwa anashika zamani. Donc bakishikilia, banashikilia kila mutu pamoja. Na bakiachilia, kila mutu anapiga sauti mara moja. Njo unaanguka."

"Lakini nilikuwa muzima!" nilisema. "Nilikaa wakati murefu, hapana kitu. Nikabeba mimba, nikazaa, nikaimba Noeli."

"Ule wakati wote ilikuwa inajipanga. Kimya-kimya."

Lilinikasirisha hilo kuliko kuanguka kwenyewe. Yaani mimi nachota maji, nasuka nywele, nabishana na jirani kwa ajili ya kuku, na humo ndani watu wanahamisha viti bila kumwuliza mwenye nyumba. Niliuliza kama dawa itawarudisha waliokufa.

"Hapana. Itabatia nguvu benye balibakia. Na hauiache ghafla hata kidogo, sababu batazoea kuiegemea. Ukiivuta ghafla, banaanguka bote na weye."

Njiani Kambale alitembea mbele yangu, kichwa ameinamisha. Nilidhani anafikiria dawa. Kumbe alikuwa amesikia jambo moja tu: kwamba siku ile ya jiwe ndiyo iliyofanya yote haya, na usukani ulikuwa mikononi mwake. Juma halikwisha akasema anakwenda Manguredjipa kutafuta dhahabu. "Hapa hapana kazi," alisema. Nilimwambia, Kambale, mimi sijakulaumu. Akasema najua. Akaenda. Nilimlaumu baada ya kwenda.

Vidonge vyangu ni gardenal, vidogo, vichungu, na vinakufanya mtu mwingine. Ukivimeza unahisi umefunikwa blanketi lililoloa. Nilikuwa mtu wa maneno ya haraka, kila mtu anajua, sasa mtu akinitania asubuhi nilipata jibu la kumpa saa sita mchana, naye ameshaenda zake. Nilisahau ubeti wa pili wa nyimbo nilizoimba tangu utotoni. Nilinenepa usoni. Nililala nimekaa, nililala nikipukuchua mahindi, mara moja nililala nimesimama kwenye foleni ya maji, na waliokuwa nyuma yangu hawakuniamsha kwa kuogopa kunigusa. Lakini sikuanguka.

Nililima maharage ya Septemba kwenye kipande cha mjomba wangu juu ya kilima. Nilipalilia, nikavuna, sikuanguka. Nilipiga simu Mutwanga. "Mama, nimevuna." Mama mkwe akajibu, "Nimesikia. Inabakia moja." Akampa Masika simu. Nilisikia pumzi yake tu, na mahali fulani nyuma mbuzi analia. Alikuwa ameshaanza kuongea, lakini si na mimi.

Saison ya pili nikapanda Machi. Yakaota, yakachanua, yakaweka maganda. Kila asubuhi nilimeza kidonge changu na kutazama maganda yale yakinenepa, nikahisi ndani yake kuna mwanangu. Nilikuwa nimeshashona kigauni. Kisha barabara ikafungwa kwa mapigano, magari hayapandi, na kituo kikaishiwa. Muuguzi akatupa vilivyobaki tugawane, nusu kwa nusu, kisha robo, kisha akafungua mikono yake mitupu akatuonyesha. Mama wa yule binti wa kofia alilia pale benchini kwa sauti. Mimi sikulia. Nilikwenda duka la dawa moja baada ya jingine, nikauliza mpaka wale wauzaji wa barabarani wanaobeba dawa kwenye beseni kichwani. Hakuna.

Nilianguka shambani, maharage yamekauka, yamebaki kung'olewa tu. Nilianguka, nikaamka kidogo, nikaanguka tena juu ya lile la kwanza, na tena, bila nafasi katikati. Meno yangu mawili yalibaki pale kwenye udongo. Waliniokota wanawake wa shamba la jirani, wakanibeba kwenye machela, na habari ilishuka Mutwanga kabla ulimi wangu haujapungua uvimbe.

Mama mkwe alipiga simu mwenyewe. "Pole," alisema. Nadhani aliisema kwa moyo. "Anza kuhesabia tena."

Niliporudi kwa daktari, dawa zimefika, nilimwuliza swali nililopaswa kumwuliza tangu mwanzo. Je, nikimeza kila siku, nisikose hata kimoja, unaniahidi sitaanguka? Alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Sitakudanganya, mama. Utaanguka mara kidogo sana. Pengine hapana. Lakini kuahidi, hapana mutu anaweza kuahidi."

Basi nikaelewa. Mama mkwe alikuwa ameniwekea mlango ambao haufunguki. Ningeweza kulima maharage mpaka nizeeke, nikivuna kwa mkono mmoja na kuanguka kwa mwingine, huku Masika anakua, anaolewa, anazaa, na mimi bado naanza kuhesabia tena. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo hata blanketi la gardenal halikuizima. Nikampigia Kambale. Mtandao wa Manguredjipa ni wa kubahatisha, nilijaribu mpaka kidole kikauma.

"Rudia nyumbani," nilimwambia.

"Kazi bado haijakuwa muzuri, Katungu..."

"Sikuulizi kazi. Kuya, twende kwa mama yako, umwambie nani alikuwa anaendesha."

Alikohoa, akakohoa tena.

"Atanifukuza," alisema.

"Mimi nilishafukuzwa, Kambale. Sasa ni zamu yako."

Alikuja. Alikuwa amekonda, anakohoa vumbi la mgodi, ndevu zimeota ovyo. Sikuwa na neno tamu la kumpa, nikampa chakula, akala nami kwenye sahani moja. Hilo alifanya bila kuambiwa.

Tulifika Mutwanga mvua imekatika, milima iko wazi juu yetu. Masika alikuwa uani anafukuza kuku. Alikuwa na miguu mirefu ya baba yake. Aliponiona alikimbia akajificha nyuma ya gauni la koko yake, bibi yake, na kutoka huko akasema kwa sauti kubwa: "Ni mama wa Butembo!" Kama mtu anayetaja mgeni wa kanisa. Nilitabasamu bila meno, akajificha zaidi.

Mama mkwe alituwekea viti, akauliza habari za barabara, akatuletea chai. Kambale alishika kikombe bila kunywa. Nilimkanyaga mguu.

"Mama," alisema. "Katungu hakutelezaka mu shamba."

Akasema yote. Aliisema vibaya, akirudi nyuma, akisahau, akianza upya, lakini aliisema: pikipiki ya kukodi, mvua, jiwe, uongo, na yale ya daktari kuhusu wale wa kutuliza waliokufa na waliobaki. Mama mkwe hakumkatiza. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti.

"Pahali gani?" aliuliza alipomaliza.

"Ku kona, mbele ya daraja."

"Pale pa kaka yako."

"Karibu na pale, mama."

Yule mama akainuka akaenda mpaka mwisho wa ua, akatugeuzia mgongo, akakaa hivyo muda mrefu akitazama migomba. Masika alimfuata akamshika gauni. Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa na hakuufuta. Hakumtazama Kambale. Alinijia mimi.

"Donc ile kitu hapana ya kwenu," alisema. "Ni ya kwetu."

Akavuta kiti karibu nami.

"Nilimunyanganya mutoto wako juu ya kitu ya kwetu." Akakaa, akapumua. "Lakini utaanguka tena?"

"Nitaanguka, mama. Mara kidogo. Lakini nitaanguka."

"Na mutoto?"

"Hatakuwa mugongoni kwangu. Hata siku moja. Ndani ya nyumba sitagusa moto, dada yangu atapika. Na Masika nitamufundisha: mama akianguka, hapana kumushika, hapana kumutia kijiko mu mudomo, ita jirani, jirani amulaze kwa upande. Njo ile tu."

"Mwanamuke asiyebeba mutoto wake," alisema polepole, kama anaonja maneno hayo.

"Ndiyo, mama. Njo mimi."

Asubuhi yake alifunga nguo za Masika kwenye kitambaa. Kambale alimwagiwa maneno mengi, hayo siyaandiki, alistahili. Mimi nilipewa kuku hai amefungwa miguu, na sikukataa.

Mvua ilikuwa imekata barabara, pikapu zikaishia chini, ikabidi tushuke kwa miguu mpaka kule zinakogeuzia. Masika alitangulia kwa furaha, akiokota mawe, akitueleza majina ya mbwa wa kila nyumba. Kufika nusu ya njia alikuwa ameshazoea kunishika kidole. Hakunishika mkono, kidole kimoja tu, lakini alikishika kwa nguvu. Jua likapanda, matope yakaanza kuwa mazito, na miguu yake ikaanza kuburuta.

Akasimama mbele yangu, akageuka, akanyoosha mikono yake miwili juu hewani kuelekea shingo yangu, kama watoto wote wa kwetu wanavyofanya wakitaka kupanda mgongoni.

"Mama," alisema. Hakuongeza la Butembo. "Unibebe."

Ilikuwa mara ya kwanza kusikia nikiitwa hivyo na mtoto niliyemzaa. Kitenge kilikuwa kiunoni mwangu. Kambale akainama upesi, "Kuya, baba atakubeba," lakini Masika akamsukuma uso kwa kiganja. "Hapana! Mama!" Na mikono yake bado iko juu, anangoja.

Mgongo wangu wote ulimtaka. Nahisi mpaka leo mahali angekaa.

"Hapana, Masika," nilisema. "Mama hapana kubebaka."

Akalia. Alilia kwa hasira, kama mimi. Nikaketi kwenye matope katikati ya barabara ili awe mrefu kuliko mimi, naye akanipiga bega, akalia mpaka akachoka, akakaa pajani mwangu, akaegemeza kichwa chake kwenye kichwa changu, upande wa lile jiwe. Tukakaa hivyo mpaka miguu yake ikapumzika. Kisha akasimama, tukashuka.